Mbebaji wa Daktari Yunisi

Siku hizo madaktari hawakuchoka. Uchovu, hofu na majonzi ya wodini vilihamishwa kila jioni na kutiwa mwilini mwa mtu wa nyumbani. Mbebaji wa Daktari Yunisi alikuwa mumewe, Chitemo, fundi seremala pale Dodoma.

Jioni moja Chitemo alikuwa akipiga randa, mara akaiacha. Akamlilia mzazi aliyefia kwenye meza ya upasuaji, mwanamke ambaye hakupata kumwona. Yunisi akaingia akiimba.

"Baba Nyemo, tunakula nini?"

"Leo umepoteza mtu."

"Wawili. Lakini mimi sijambo kabisa! Wameniongezea wodi nyingine, wanasema naimudu."

Hasira zikampanda Chitemo. "Unaimudu? Anayeimudu ni mimi! Badala ya kuajiri daktari wa pili, wamemgeuza mumeo punda!"

Asubuhi alikwenda hospitalini akamfokea mganga mkuu mpaka wagonjwa wakasimama kutazama. Mganga mkuu, uso mkunjufu, akamjibu kwa upole, "Hulazimishwi, ndugu yangu. Tumekutoa leo hii."

Chitemo akarudi nyumbani mwepesi, akijua ameshinda.

Jioni Yunisi aliingia akicheka, kama kawaida yake. Chitemo akamkodolea macho, asielewe. Ndipo aliposikia kwikwi jikoni.

Nyemo, binti yao wa darasa la pili, alikuwa amejikunyata sakafuni.

"Baba," alisema, "nilichelewa kumfikia yule mtoto wodini. Mama yake alinisihi, nami nikachelewa."