Mazishi Mbele ya Malori

Bilonda alikuwa ameshakanyaga mstari wa kuanzia fainali ya mbio za shule alipoona jeneza likivuka barabara ya malori, kando ya uwanja.

Jeneza lenyewe lilikuwa benchi la bweni lao lililofunikwa shuka jeupe. Wenzake wa bweni walilibeba mabegani kwa nyuso za maaskofu, wakiimba wimbo wa msiba.

Huku Kolwezi hakuna dereva anayekata njia ya maiti. Lori la kwanza la mawe ya shaba likasimama, na mengine yote nyuma yake.

Vumbi likaanza kutua.

Bilonda aliikaza mkononi pampu yake ya dawa ya pumu. Maua ya nyasi peke yake yalimkwaruza kifua tu, lakini vumbi la malori likichanganyika nayo, kifua kilijifunga na kupiga miluzi. Mwalimu alikuwa ameshamwonya: "Ukikohoa tena, nakutoa kwenye mbio."

Dereva akavua kofia, akashuka kutoa pole. "Batoto, ni nani alikufa?"

Wimbo ukakatika. Upepo ulikuwa umefunua pembe ya shuka, na mto wa kulalia ukachungulia.

"Vumbi, tata," akajibu kiongozi wa msafara kwa huzuni kuu, kama anayemjibu baba yake. "Ule dada pale anakimbia mizunguko mbili. Vumbi likifufuka sasa, ni yeye tutazika."

Dereva akamtazama Bilonda. Akarudi, akapanda lori lake, akafunga mlango kwa kishindo.

Akazima injini.

"Muzike mbio, basi!" akapaza sauti dirishani.

Bilonda akavuta pumzi, nayo ikashuka mpaka chini kabisa. Filimbi ya mwalimu ikalia.