Majarida Juu ya Meza ya Cassimo

Maalim Haruna alingoja mpaka mkwewe Cassimo alipotoka kwenda kula. Ndipo akatoa rafuni majarida manne ya Kiarabu, akayafunua na kuyatandaza juu ya meza ya kijana huyo.

Katika chuo kile cha Palma, msomaji hakurudisha jarida rafuni. Aliliacha mezani, na jioni Dona Catarina, mkuu wa maktaba, akapita kutazama yaliyosomwa. Lisilosomwa liliondolewa. Tangu gesi igunduliwe chini ya bahari, masanduku ya majarida ya miamba na visima yalikuwa yakimiminika, na chumba kilikuwa kilekile. Majarida ya kilimo yalikwisha kuishia sokoni, yakifungiwa samaki wa kukaanga.

Yale ya Kiarabu yalibeba jina la Mola na tungo za masheikh wa pwani hii. Haruna, mtunzaji wake, hakujua nakala nyingine popote. Kusoma kwake yeye hakukuhesabiwa, maana ni mtumishi. Vijana nao walitaka Kireno na gesi. Ikabaki meza ya Cassimo, mume wa binti yake Nazira, aliyeshinda hapo akikariri majina ya miamba apate kazi katika kambi ya gesi ya Afungi. Kiarabu chake hakikupita sura za kuswalia.

Haruna alijiambia kwamba ulimi wake haujasema uongo. Ni mikono tu iliyohamisha karatasi.

"Baba, meza hii ina majini," Cassimo alisema aliporudi. "Tena wasomi."

"Waache wasome. Usiguse kitu."

Cassimo akacheka, akasogeza kiti.

Wiki ile walikuja wageni wawili, mashati yao yamenyooshwa vizuri. Dona Catarina aliwatembeza bila kuwatambulisha. Tangu mji wa Mocímboa ushambuliwe na waasi waliodai kupigania dini, watu walikuwa wamepunguza maneno. Haruna aliwadhania ni wafadhili waliokuja kupima rafu. Mmoja aliinama juu ya meza, akauliza nani huyasoma haya.

"Mkwe wangu Cassimo," Haruna akajibu kabla mama yule hajafungua kinywa. "Hayaachi, bwana. Na huwasomea wenzake."

Huo sasa ulikuwa uongo wa ulimi. Mgeni akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Dona Catarina akageukia dirishani.

Jumatatu Haruna alitoka msikitini moja kwa moja hadi chuoni. Alimkuta mama yule amesimama mbele ya rafu, macho mekundu.

"Majarida yako hayaondoki, maalim," alisema kwa sauti ya chini. "Imeamriwa yabaki palepale."

Haruna alimshukuru Mungu. Akauliza ni nani aliyeamuru jambo la heri namna ile, apate kumwombea dua.

"Ni wale wageni, waliomchukua mkweo langoni sasa hivi. Wanataka kuona nani mwingine atakuja kuyasoma."