Shule Isiyovunja Chupa

Chupa ilianguka, ikapasuka, na dirisha zima likacheka.

Asubuhi ile dirisha la labo ya hospitali, hapa Kasongo, lilikuwa limejaa vichwa: wauza samaki, watu wa pikipiki, akina mama walioleta watoto kupimwa wakasahau kuwapimisha. Nafasi ya kazi ndani ya labo ilikuwa moja tu. Walioshindania walikuwa wamebaki wawili, Fabrice wa shule ya mapadri na Cadette, binti wa Nsimire muuza mandazi. Na Fabrice, jamani, amevunja.

"Ona mutoto wa mapadri!" alisema Mama Anastasie, jirani ambaye habari hazimpiti. "Mikono utazania ya mulevi! Mama Cadette, kazi iko yenu."

Nsimire alimeza kicheko chake. Langoni shemeji yake Aganze alikuwa amekaa juu ya pikipiki, godoro la Cadette limeshafungwa nyuma kwa mpira. Walikuwa wamepatana mbele ya ukoo: mtoto akishinda, anabaki, akishindwa, leo hii hii anapanda kwenda Salamabila kupikia wachimba dhahabu. Nsimire aliijua Salamabila. Ndiko shimo lilikomfunika mumewe, na ndiko yeye mwenyewe alikopikia wanaume miaka mitatu. Aliyoyaona huko hakuwahi kumwambia hata Anastasie.

"Shemeji!" Aganze aliita. "Jua linapanda! Barabara ya Kabambare haingoji mutu."

"Tulia, shemeji. Hilo godoro utalifungua wewe mwenyewe."

Hakuwa akijigamba bure. Miaka minne alikuwa ameuza mandazi chini ya ukuta wa shule ya Cadette, na masomo ya Prof Marcellin yalimdondokea kupitia matundu ya ukuta mpaka akayajua kama sala.

"Wote pamoja! Mukono wa kushoto, shikeni bireti, lile bomba la kioo. Fungueni polepole. Tone... tone... Mukono wa kulia, zungusheni chupa. Tone... Simama! Rangi gani?"

Na watoto sitini kwa sauti moja: "Rozi!"

Rozi nyepesi, prof alisisitiza, kama ndani ya pera. Ikikolea, mumeharibu. Siku nyingine Nsimire alipanda juu ya ndoo yake akachungulia kipande cha ubao, na ubaoni michoro ya prof: bomba, mguu wa chuma, chupa ya shingo nyembamba. Ilikuwa chaki tupu, lakini ungeapa kwamba inang'aa.

Watoto wa mapadri walirudi kwao wakinuka kama betri ya gari, mashati yametobolewa na asidi, na mama zao walilalamika kisimani. Shati la Cadette, miaka minne, halikupata hata doa.

"Prof wetu ni mutu wa usafi," Nsimire aliwaambia. "Pale kwetu hakuna chupa hata moja imevunjika. Mukaulize."

Wakaenda kuuliza. Ilikuwa kweli.

Hata nyumbani Cadette hakupumzika. Akingoja mafuta ya mandazi yapate moto, vidole vyake vilicheza hewani, vya kushoto vikifungua, vya kulia vikizungusha, midomo ikihesabu matone. "Anasuka nywele za malaika huyu," Anastasie alimtania. Mazoezi ya labo alipata alama kumi na tisa. Ya ishirini, prof alisema, ni ya Mungu.

Ndani, Fabrice alifagia vipande vya kioo, akachukua chupa nyingine, akamaliza haraka haraka. Rangi ndani ya chupa yake ilikolea kama kitambaa chekundu cha harusi. Monsieur Élysée, mkubwa wa labo, aliinamisha miwani yake, akaandika kwenye karatasi zake.

"Cadette!"

Akaingia amenyoosha mgongo. Monsieur Élysée alimwonyesha meza: asidi yenye dawa ya kubadili rangi ndani ya chupa yake, soda kali ya labo ndani ya bireti, bireti kwenye mguu wake wa chuma, na pembeni chupa safi ya shingo nyembamba.

"Ni zoezi lile lile, mama. Unalijua?"

"Nalijua kwa moyo, Monsieur."

"Haya. Ukimaliza, uniambie rangi." Akainamia tena karatasi za Fabrice.

Dirishani vichwa vikasogea karibu. Cadette aliwapa watu mgongo, uso ameuelekeza mezani. Nsimire aliona kiwiko cha kushoto kikiinuka, kikatulia mahali pake. Akaona bega la kulia likizunguka, taratibu, taratibu, bila mtikisiko, na midomo yake mwenyewe ikaanza kuhesabu pamoja na mtoto. Tone. Tone. Tone. Kule langoni hata Aganze alikuwa ameshuka, amekuja kuchungulia juu ya vichwa vya watu.

"Unasikia?" Anastasie alinong'ona, ameshika mkono wa Nsimire. "Hata sauti ya kioo hakuna! Huyu amefundishwa."

Simama. Mabega ya Cadette yakashuka. Akafuta vidole kwenye sketi yake, akakunja mikono nyuma, akangoja.

Nsimire alianza kulia kwa furaha.

Monsieur Élysée aliinua kichwa. Akatazama meza. Asidi ilikuwa imejaa hadi kooni mwa chupa yake, soda haikupungua hata tone, na ile chupa safi ilikuwa kavu, pale pale alipoiweka.

"Mama, mbona hauanzi?" aliuliza kwa upole. "Usiogope. Shika chupa."

Cadette alimtazama kwa mshangao, mikono mitupu ikirudia zoezi hewani.

"Lakini nimeshamaliza, Monsieur. Imekuwa rozi. Nyepesi, kama ndani ya pera."