Meno ya Dalali

"Ukinigusa na koleo hilo, tutapelekana polisi!"

Dalali wa mnada alifoka huku amelala kitini, taa ikimmulika, shavu moja limevimba kama mpira. Daktari wa meno akalirudisha koleo kwenye sinia.

"Sijasema nang'oa, mzee. Nasema uchague. Haya ya mbele yamelegea, na ufizi umetunga usaha. Naweza kujaribu kuyaokoa, lakini utateseka, na huenda yakaanguka vilevile. Au tuyang'oe, uwekewe ya bandia."

"Bandia!" Hasira zilimpanda hadi masikioni. Yeye, ambaye kwa sauti yake matrekta mabovu yaligombaniwa kama mapya, asimame mbele za watu meno yakimchomoka katikati ya bei? "Katafute mdomo mwingine wa kuufanyia majaribio!"

Mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa ameketi ukutani, mkoba mapajani. Wiki nzima alikuwa akimkorogea uji, akimkanda shavu, na shukrani yake ilikuwa matusi.

"Baba watoto, msikilize daktari."

"Ala! Nawe uko upande wake? Watu wa meno ya bandia nawajua mimi. Nawatambua toka ng'ambo ya barabara! Wakiongea wanarusha mate, wakicheka wanafumba midomo kama wezi. Hebu sema kweli, wewe ungelala na mtu anayevua meno?"

Mwalimu akaukumbatia mkoba.

"Nijibu!"

"Usinifokee mbele za watu."

"Basi nimeshajibiwa. Kwako ni rahisi kusema ng'oa, Mungu kakujalia meno kama lulu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa! Ungekuwa na kibogoyo nyumbani, ungekuwa umeshamkimbia. Mimi mwenyewe ningemkimbia, nakwambia kweli!"

Daktari akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta pamba.

Mwalimu akauweka mkoba chini. Akasogea hadi kwenye kiti, akamwinamia mumewe chini ya ile taa kali. Macho yalikuwa yamemwiva kwa hasira aliyoimeza tangu siku za uchumba.

"Basi kimbia," alisema.

Akaingiza vidole viwili kinywani, akayachomoa meno yote ya juu, akayaweka kifuani pa mumewe.