Beji Kwenye Kijimto cha Pini

"Mwezi wa nne!"

"Wa tatu, bosi, mimi..."

"Wa nne! Umeokoka mwezi wa nne, hapahapa kwenye meza ya pasi, mimi nikiwa..."

"Sasa nitasemaje wa nne wakati ni wa tatu?"

Fundi cherehani alijishika kiuno, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni. Mchungaji yuko njiani, na huyu mtu bado anabishania siku ya kuokoka kwake kama mteja anayebishania siku ya kuchukua suruali.

"Haya, tuyaache hayo. Kabla ya kuokoka ulikuwa nani?"

"Mwizi," alijibu Pasi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Pasi, kwa kazi yake.

"Mwizi! Unapokea suti za watu, halafu useme ulikuwa mwizi? Sema mlevi. Walevi wanapendwa sana kanisani."

"Sijawahi kuonja pombe, bosi."

"Ndiyo vizuri, hutanuka."

Pasi akacheka, akanyunyizia kola maji, akaikandamiza. Tss.

Yote haya yaliletwa na ulimi. Kanisani kwao, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wanakamati ya uinjilisti husimama mmoja mmoja kueleza wamempelekea nani Habari Njema huko wanakofanya kazi. Nesi alisimama. Dereva alisimama. Hata mama mkwe wa Fundi, na magoti yake mabovu, alisimama: amempata muuza mkaa. Fundi mwaka mzima wimbo wake ulikuwa mmoja tu: "Mimi bado naomba mlango ufunguke." Siku hiyo mama mkwe akageuza shingo kumtazama, polepole, kama feni inayotaka kufa. Ulimi ukateleza.

"Nimempata mpiga pasi wangu!"

Vigelegele, makofi, na hapohapo wakampendekeza awe mwenyekiti wa kamati. Angesimikwa Jumapili hii, ila kwanza Mchungaji aje amwone huyo mwongofu kwa macho yake.

Tangu siku hiyo alikuwa akiogopa kuumbuka. Maana beji ya kamati, ile iliyoandikwa NIULIZE KUHUSU YESU, Fundi alikuwa akiichomeka kwenye kijimto cha pini kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, maandishi yakiangalia chini. Mara moja tu aliisahau kifuani. Akaja mama mmoja wa makamo, ameleta gauni jeusi lipunguzwe, kafiwa na mume. Akaisoma ile beji, akauliza taratibu, "Haya, nikikuuliza utanijibu?"

Fundi alihisi masikio yanawaka moto. Kulikuwa na wateja wengine wawili pale.

"Aa, hii nimepewa tu, mama. Mikono tuiache mirefu?"

Yule mama akasogea kwenye meza ya pasi, akasimama huko muda mrefu wakinong'onezana na Pasi. Fundi akakohoa. "Wewe, punguza maneno, suti zinangoja!" Mama aliondoka akijifuta macho kwa upindo wa kanga. Fundi hakuuliza waliongea nini. Hata kumtazama hakuweza.

"Sasa sikia la mwisho," alisema, akichungulia dirishani. "Kanisani kwetu, mwongofu mpya akitembelewa, anaulizwa amtaje mtu mmoja ambaye bado hajaokoka. Tunapiga magoti wote, tunamwombea hapohapo. Kwa hiyo mtaje mtu wako wa karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Karibu kabisa. Mtu unayeonana naye kila siku."

"Ninayempenda?"

"Enhe! Na utie huruma kidogo kwenye sauti."

"Hilo naliweza," Pasi alisema, na safari hii hakucheka.

Mlango ukabishwa. Mchungaji aliingia akitabasamu, mama mkwe nyuma yake, Biblia kwapani.

"Shikamoo mama, karibuni, karibuni sana!" Fundi aliruka kuwafutia viti. Beji ilikuwa kifuani, imenyooka, inang'aa. Kwapani alikuwa amelowa chapachapa.

Mchungaji hakutaka hata maji. Alimshika Pasi mkono kwa mikono yake miwili. "Ndugu yangu, tumekusikia sana. Hebu tuambie mwenyewe, Bwana ulimpokea lini?"

"Mwezi wa tatu," alisema Pasi.

Fundi akafumba macho.

"Mwezi wa tatu, miaka kumi na minane iliyopita. Nilikuwa nimefungwa kwa wizi. Mfungwa mwenzangu ndiye aliyenihubiria, tukipiga pasi magwanda ya askari. Kazi hii nimejifunzia hukohuko."

Pasi ya moto ilikuwa ikitoa mvuke peke yake mezani. Mama mkwe akageuza shingo, polepole, na Fundi akainamia sakafu, akaona vipande vya uzi, pini moja iliyopinda, na ncha za viatu vya Mchungaji. Alitamani cherehani immeze, ila mashine yenyewe ilikuwa ndogo.

Mchungaji alikohoa. Akaangukia swali alilolizoea.

"Na... yupo mtu wako wa karibu, ungependa tumwombee?"

"Yupo."

Pasi alichomoa waya ukutani, akazunguka meza, akapiga magoti kando ya kiti cha Fundi, akamshika mkono.

"Naombeni tumwombee bosi wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Mwaka wa sita huu najaribu kumwambia habari za Yesu. Kila nikianza, ananiambia nipunguze maneno, suti zinangoja."