Kamba ya Siwema

Tangu machimbo ya kokoto yaanze kulipua mwamba, kisima cha Bi Mize kilikuwa kimekauka. Cha Siwema, mke mwenzake, bado kilitoa maji. Bi Mize alikuwa na hakika kwamba mume wao alimchagulia yule mdogo mahali pazuri makusudi.

Mpimaji wa visima alipokuja, Bi Mize alimfuata hadi uani kwa Siwema, roho ikimuuma.

"Huyu usihangaike kumpima, baba. Hata baruti zinamwogopa."

Mpimaji akaomba kamba ya ndoo ili ajue kina. Siwema alisita, kisha akaitoa chini ya karai. Ilikuwa imeungwa mara nne: katani, nailoni, tena nailoni, na mwishoni vipande viwili vya kanga.

"Maji yanashuka kila mwezi," alisema akitazama chini. "Naunga kimyakimya, dada asije akanicheka."

Bi Mize aliitambua kanga ile. Mume wao aliwanunulia sare, doti kwa doti, wasioneane wivu. Yake alikuwa amejifunga kiunoni.

Siwema akateremsha ndoo. Kamba ikaisha mkononi, na maji hayakusikika.

"Haijafika," mpimaji alisema.

Mkono wa Bi Mize ukaenda kwenye fundo la kanga yake, ukabaki pale.