Utafiti wa Kaka Onesphory

Melkior alilisukuma jani la isale ndani ya koti, akaupanda mwinuko wa Mwika. Kwa Wachagga, ukimkosea mtu kisha ukampelekea isale, hana budi kukusamehe. Msomi mzima, na shahada zake zote, leo tumaini lake lilikuwa jani.

Alikuwa ameiba. Onesphory, mkubwa wake wa kazi pale chuoni, alipoacha kazi ghafla na kurudi nyumbani, alisahau ripoti moja kabatini. Ilisema kwamba kwenye mashamba ya majaribio, nusu tu ya dawa ilitosha kuzuia ugonjwa wa kahawa. Mashamba yenyewe yalitajwa kwa herufi tu. Melkior akainakili neno kwa neno, akaweka jina lake, na jarida moja la Ulaya likaichapa. Akapandishwa cheo. Wakulima nao walimshukuru na kupunguza dawa, maana serikali ilikuwa imefuta ruzuku na bei haikamatiki.

Sasa kuna mtu alikuwa ameinong'oneza kamati ya chuo kwamba kazi ile si yake. Kesho asubuhi Melkior alitakiwa kuwapeleka wakubwa kwenye mashamba hayo, na hakujua hata yako kijiji gani. Akishindwa, kazi hana, na aibu ingemfuata mpaka kanisani.

Alikatiza katikati ya mibuni ya Onesphory. Majani yalikuwa ya buluu kwa mrututu, dawa ile ile ya ugonjwa wa kahawa, yamepuliziwa mpaka inachuruzika. Melkior aliona, ila hofu haikumpa nafasi ya kuwaza.

Flavia, mke wa Onesphory, alimkaribisha uani. Alimwambia kwamba tangu mumewe asikie makala ile imetoka, hali akashiba wala halali. Gari likipita tu njiani, anashtuka. Melkior akajua hiyo ni hasira.

Onesphory alipotokea mlangoni, Melkior alimwamkia, akapiga magoti vumbini, akalitoa jani. Alisema yote kwa pumzi moja: ameiba, anaomba radhi, na kesho atatamka mbele ya kamati kwamba kazi ile ni ya Onesphory. Alichoomba ni kuonyeshwa mashamba tu.

Onesphory alilitazama lile jani, akarudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani. Mikono akaificha nyuma.

"Usinipe hilo, mdogo wangu," alisema. "Na jina langu usilitaje."

"Lakini kaka, nimekukosea."

"Hujanikosea. Hayo mashamba hayapo. Namba zote nilizitunga mezani."